Mizani Ikifa Kitangari, Fundi Awe Karibu

Mwezi wa kumi ukiingia, vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) vya Masasi na Newala, mkoani Mtwara, hugeuka masoko. Magunia ya korosho hushushwa, karani husoma mizani, mkulima huondoka na stakabadhi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza huku msimu wa 2007/08. Sasa mizani za kidijitali zimefika vyamani, na tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho hufanyika kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kampuni ndogo za elektroniki zimepata kazi hapo. Je, kampuni kama hiyo ikitafuta mkuu wa teknolojia, imwajiri nani: msomi wa programu atakayeiongoza kwa simu kutoka Dar es Salaam, au fundi aliyekomaa anayeishi hapa?

Nasema fundi, na sababu yangu ni maji. Newala iko juu ya uwanda, na maji yake hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Kazi hiyo ilianza enzi za mkoloni, miaka ya 1950. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Finland ilisaidia mradi mkubwa wa maji wa Mtwara na Lindi. Visima vilichimbwa na mashine zikafungwa. Lakini mashine za dizeli zilitegemea mafuta, vipuri na wataalamu wa mbali, na injini ilipogoma wanawake walirudi bondeni na ndoo kichwani. Mashine zenyewe hazikuwa mbovu. Aliyezijua hakuwa jirani.

Kama pampu, elektroniki nayo ina adui wake huku, tena wa kwetu kabisa: salfa. Kabla ya mavuno mikorosho hupuliziwa salfa ya unga, na unga huo hupenya kila upenyo. Salfa hula shaba, na shaba ndiyo njia ya umeme ndani ya mizani, redio na chaja ya sola. Ongeza vumbi, ongeza umeme unaokatika. Aliyefungua mizani kumi za hapa anajua pa kuziba kabla msimu haujaanza. Aliyeziona kwenye katalogi atashangaa kwa nini zinadanganya.

Wanaomtaka msomi wana hoja nzito. Mizani ya leo hutuma kumbukumbu, na anayeweza kuzichezea anaweza kumwibia mkulima kilo asizoziona. Fundi wa mtaani huenda hajui kulinda kumbukumbu hizo. Pia mizani ikishatengenezwa haina budi kuhakikiwa upya na Wakala wa Vipimo, na mkuu asiyejua sheria atatuingiza matatani. Basi fundi huyo asomeshwe, na mtaalamu wa programu alipwe kwa mkataba. Programu huandikwa Mwanza ikafika kwa dakika. Mizani iliyokufa Kitangari, huko Newala, foleni ya wakulima ikiwa nje, haitumwi kwa mtandao. Ikilala siku tatu, wa kangomba, mlanguzi anayenunua korosho nje ya mfumo rasmi, yuko njiani na bakuli lake, na mwenye ada ya shule ya kulipa atamuuzia.

Mkuu huyo apewe na mamlaka: akisema kifaa hakifai, kisinunuliwe, hata kama mwenye kampuni ameshapendezwa na bei.

Viongozi wa MAMCU na TANECU, vyama vikuu vya ushirika vya huku, kabla ya kusaini mkataba wowote wa vifaa hivi, muulizeni muuzaji swali moja: mkuu wenu wa teknolojia hulala wapi mwezi wa kumi?