Watoto wa Embulbul Nao Wapelekwe Mjini

Wazazi wenzangu, Krismasi bado iko mbele, na nayaandika haya mapema kwa makusudi. Kila alfajiri hapa Embulbul tunasimama barabarani kusubiri matatu za 111. Tunapita Karen, tunaingia Ngong Road, tunafika Nairobi: mmoja kulinda duka la mtu, mwingine kupika jikoni kwa mtu, mwingine kuchanganya simiti na kubeba mawe. Jioni tunarudi tumechoka. Mji ule tunaujua kwa jasho letu. Je, watoto wetu wanaujua kwa lipi? Wapo hapa mtaani waliofika gredi ya sita bila kukanyaga Moi Avenue, ilhali mji hauko hata kilomita thelathini kutoka mlangoni mwao. Wanaiona Nairobi kwenye televisheni ya jirani kama wanavyoiona London.

Nasema siku moja ya matembezi mjini, katika likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, ni haki ya mtoto, na mzazi wa kipato kidogo anaweza kuitimiza akiipanga.

Najua jibu litakalokuja kwanza: pesa hakuna. Silidharau jibu hilo, kwa maana anayelitoa mara nyingi anasema kweli. Lakini tutazame Desemba zetu zilizopita. Pesa zilikuwepo na zikaenda. Zilikwenda kwa kreti ya soda iliyonunuliwa kwa haraka, kwa viatu vilivyonunuliwa usiku wa kuamkia sikukuu kwa bei ya anayejua kwamba huna pa kukimbilia, na kwa safari ya ghafla ya mjini tarehe 25 ambayo hakuna aliyeihesabu.

Safari ya namna hiyo nimeiona mwisho wake. Ilikuwa jioni ya sikukuu, mvua imeanza, steji imefurika. Mama mmoja alikuwa na watoto watatu, mdogo amelala begani, mkubwa ameshika puto lililokwisha kusinyaa. Makanga akataja nauli, mara mbili ya ile ya asubuhi. Mama akafungua kibeti, akahesabu, akafunga, akafungua tena kana kwamba noti zingeongezeka. Watoto wakanyamaza wote. Mtoto hutambua upesi sana mzazi wake anapokwama. Abiria wawili walimchangia akapanda. Siku nzima ya furaha ikaishia katika aibu, na sidhani kama watoto wale walikumbuka puto.

Kwa hiyo hesabu ya matembezi ianzie mwisho. Pesa ya kwanza kutengwa ni ya kurudi nyumbani, na itengwe kwa nauli ya juu, si ya chini. Tuseme nauli ya kawaida ni shilingi 100 kwa kichwa, nanyi ni watano. Kwenda ni 500. Kurudi usiandike 500, andika 1,000, maana jioni ya msimu wa sikukuu, mvua na msongamano vikikutana, nauli huweza kupanda hivyo. Jumla ni 1,500. Ukiweka shilingi 150 kila wiki kwa wiki kumi, nauli yote imepatikana kabla hujamwambia mtoto lolote. Ile elfu moja ya kurudi ikunjwe peke yake, iwekwe mahali ambapo mkono hauifikii kwa urahisi, na isiguswe hata mtoto alie namna gani.

La pili ni siku. Hakuna sheria inayosema familia lazima itembee tarehe 25 Desemba au mosi Januari. Siku hizo kila kitu ni ghali na kila mahali pamejaa, na mtoto wa miaka minne hupotea katika kufumba na kufumbua. Chagua siku ya kazi katikati ya wiki, kabla au baada ya sikukuu. Na wengi wetu tunaofanya kazi katika nyumba za Karen tunajua kwamba Krismasi ndiyo siku ambayo mwajiri anatuhitaji zaidi. Mapumziko yetu huja tarehe 27 au 28. Basi na ifanywe kuwa sikukuu yetu. Mtoto hatazami kalenda, anatazama kama baba na mama wako pamoja naye.

Tena usijaribu kuzunguka mji mzima. Hapo ndipo wengi hupotelea: wanyama asubuhi, bustani mchana, maduka makubwa jioni, na kila kituo kina nauli yake na kiingilio chake. Mimi napendekeza njia moja inayotembelewa kwa miguu, tena iliyojaa mafunzo.

Anzeni katika Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya zamani. Yalifunguliwa mwaka 1971. Kiingilio kipo, uliza bei mapema, lakini hicho ndicho kiwe kiingilio chenu kikubwa cha siku. Mtoto wa Embulbul ana sababu ya pekee ya kufika pale. Reli ya SGR iliyofunguliwa hadi Suswa mwaka 2019 inapita upande wetu na kuingia katika handaki la Ngong, lenye urefu wa zaidi ya kilomita nne. Mtoto huyo asimame mbele ya vichwa vya garimoshi vya zamani, vile vilivyokuwa vikila kuni na makaa, aguse chuma, apande, aelezwe kwamba reli ya kwanza ilifika hapa Mei 1899, mahali palipokuwa tambarare yenye maji baridi iliyojulikana na Wamaasai, na kwamba mji huu wote ulikuja baada ya reli. Kuna behewa moja pale ambalo watoto hawalisahau. Usiku mmoja wa mwaka 1900, pale stesheni ya Kima, afisa wa polisi wa reli aitwaye Charles Ryall alilala ndani yake akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Simba akaingia behewani, akamkamata, akatoka naye dirishani. Mwonyeshe mtoto behewa lenyewe, kisha mwache aulize maswali.

Mkitoka hapo mtakuta bustani ya ukumbusho pale penye kona ya Haile Selassie na Moi Avenue, mahali ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998, majina ya waliokufa yakiwa yameandikwa ukutani. Panda na Moi Avenue hadi kwenye sanamu ya mwanasiasa Tom Mboya. Barabara hiyo zamani iliitwa Government Road, na ni katika barabara hiyo Mboya alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Kusimama mbele ya sanamu ni bure. Nyuma yake ni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, yenye mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais. Hiyo nayo ni sababu ya kuchagua siku ya kazi, kwa sababu ni ofisi ya serikali. Endeleeni mbele mpaka Bustani ya Jeevanjee, iliyoachiwa wakazi wa mji mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Hapo hakuna anayedai kiingilio. Kaeni kivulini, mle.

Mle mlichobeba. Chapati zilizopikwa usiku, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, chai katika chupa yake. Wapo wanaoona haya kufungua chakula cha nyumbani mbele ya watu wa mjini, na haya hiyo inawagharimu sehemu kubwa ya bajeti. Iacheni. Kama mmeamua kwenda msitu wa Karura au kwenye mbuga badala ya mjini, maji yawekwe katika chupa ya kutumia tena: chupa za plastiki za kutupa zilipigwa marufuku katika misitu na mbuga tangu Juni 2020, na utanyang'anywa langoni. Na kwa kuwa viingilio vya maeneo ya serikali sasa hulipwa kwa eCitizen, simu iwe na chaji na bando, na kitambulisho kiwe mfukoni ili ulipe kiwango cha mwananchi.

Kuhusu aiskrimu, picha na vitu vya kuchezea, msibishane na watoto barabarani. Kila mtoto apewe shilingi 100 yake nyumbani, aambiwe ni yake ya siku nzima, na ikiisha imeisha. Utashangaa jinsi mtoto aliyekuwa akililia kila kitu anavyopita mbele ya wauzaji wanne akiwaza. Katika mfuko wa mdogo kuliko wote wekeni karatasi yenye namba ya simu ya mzazi.

Jambo moja nalikataza kwa nguvu: kutembea kwa mkopo. Tangu Fuliza ilipoanza mwaka 2019, simu hulipa hata pesa ambazo mwenye simu hana, na Januari ikifika na karo na sare, deni la aiskrimu linakaa meza moja na deni la shule. Kama akiba haikutosha, punguzeni safari. Nendeni kwa miguu hadi msitu wa Oloolua ulio jirani yetu, au ahirisheni hadi likizo ya Aprili.

Sasa nina neno na akina baba. Mara nyingi mama ndiye anayepeleka watoto, baba akibaki Embulbul na wenzake, akisema mji anauona kila siku. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kwenda! Hakuna mwenyeji bora wa watoto wako kuliko wewe. Kama jengo fulani uliliwekea mawe, pita nao hapo, useme hii ghorofa ya tatu niliipiga plasta mimi. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba baba yuko kazini ajue kazi ni nini, na ajue kwamba mji huu anaouona ukimeta umejengwa pia na mtu wa nyumbani kwao. Mwalimu hawezi kumfundisha hilo.

Saa tisa alasiri muwe mmeshafika steji, kabla ofisi hazijafunga. Na akiba, tafadhali, ianze wiki hii.