Fungua Boksi Kabla ya Kupokea Pesa

Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati hapa Masimba, redio ndogo haifui dafu. Ndiyo maana wengi wetu tunazihangaikia spika kuukuu za boksi la mbao, zile ambazo kuzishusha kwenye matatu ni kazi ya watu wawili. Tunazitafuta Keroka na Kisii mjini, wengine wanaagiza kutoka Luthuli Avenue kule Nairobi. Tukizipata tunazitengeneza, tunauziana, tunabadilishana. Ni biashara ninayoipenda kwa dhati, na inaniuma kuiona ikiharibiwa na wauzaji wanaoficha kilichomo ndani ya boksi.

Mimi yalinipata. Nilinunua jozi yenye wufa, yaani spika za sauti nzito, za inchi kumi kwa shilingi 9,000. Muuzaji alinipigia wimbo mmoja kwa sauti ya chini, nikaridhika, nikalipa. Jioni nikaweka rekodi ya obokano. Anayekijua chombo hicho cha Abagusii, kikubwa, cha nyuzi nane, anajua kwamba mngurumo wake huupokea kifuani kabla ya masikio. Spika ya kushoto ilinguruma sawasawa. Ya kulia ilitoa sauti ya mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi.

Nikachukua bisibisi, nikafungua skrubu nne. Wufa yake ya asili ilikuwa imeng'olewa na mahali pake kuwekwa spika ya gari, sumaku yake haizidi kiganja cha mtoto. Pengo lililobaki kandokando lilizibwa kwa kadibodi na gundi nyeusi. Kitambaa cha mbele kilikuwa kipya kabisa, kimevutwa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Niliporudi kwa muuzaji alinijibu kwamba mali ya mtumba hairudishwi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inamkataza muuzaji kumdanganya mteja kuhusu hali ya bidhaa, na haijawaruhusu wauza mitumba kudanganya.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba spika kuukuu haina aibu ya kufichwa. Mwaka wa 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, walieleza spika ya koili inayocheza ndani ya sumaku na kusukuma karatasi. Miaka mia moja baadaye, spika nyingi bado zinafanya kazi vivyo hivyo. Kwa hiyo magonjwa yake yanajulikana, na mengi yanatibika.

Ugonjwa mkubwa ni sponji. Ule utepe laini unaozunguka karatasi ya wufa huoza wenyewe baada ya miaka kumi, kumi na tano au ishirini, hata kama spika imekaa tu sebuleni, na unyevu wa huku kwetu milimani unaharakisha kuoza huko. Ukiugusa unabaki kidoleni kama makombo ya keki. Fundi mwenye subira hukwangua mabaki yote, akapangusa kwa spiriti, kisha akabandua kile kikofia cha katikati na kuingiza vipande vyembamba vya filamu ya eksirei kuzunguka koili ili isiegemee upande mmoja. Hapo ndipo anapobandika sponji mpya. Gundi ikikauka anavuta filamu zake na kurudisha kikofia. Kazi hiyo nimeikodolea macho mara nyingi na bado hainichoshi. Anayebandika tyubu ya baiskeli badala ya sponji anaiua wufa, kwa sababu mpira huo ni mgumu na karatasi haiwezi tena kwenda na kurudi kwa uhuru. Sauti nzito inapotea, na mteja anaambiwa amplifaya yake haina nguvu.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa kila anayeuza, awe dukani au nyumbani kwake: toa kitambaa cha mbele na ufungue boksi mnunuzi akiangalia, kabla hujapokea pesa. Mwache asukume karatasi ya wufa polepole kwa vidole vilivyotandazwa. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Weka mita: spika iliyoandikwa omu nane huonyesha karibu sita, na isiposomeka kabisa, koili imekatika. Gusisha betri ya kawaida ya volti moja na nusu, chanya kwa chanya, karatasi za spika zote mbili zitoke nje pamoja. Moja ikiingia ndani, nyaya zake zimegeuzwa, na ukizipiga pamoja mngurumo utafifia ingawa hakuna kilichoharibika. Kisha mwache apige wimbo anaoujua yeye, mpaka mwisho, kwa sauti atakayoitumia kwake.

Najua jibu la wauzaji: mteja akiona kiraka atapunguza bei. Apunguze. Wufa iliyotiwa sponji vizuri ni mali halali, na bei yake ni ya spika iliyotengenezwa.

Juzi niliuza jozi yangu moja kwa kijana kutoka Ichuni. Nilimfungulia zote mbili juu ya meza. Akaniuliza, "Mzee, mbona hii ya kushoto ina mstari wa gundi?" Nikamwonyesha nilipobadilisha sponji, na karatasi niliyobandika ndani ya boksi yenye tarehe, jina la sehemu iliyobadilishwa na kipimo cha mita. Akaomba nimpunguzie shilingi 500, nikampunguzia. Alipoondoka aliacha kitambaa cha mbele kikiwa kimekunjwa mfukoni mwake. Alitaka mama yake azione wazi kwanza.