Umefundishwa, au Umefanyiwa?

Mwezi huu ukumbi wetu unazungumzia jambo lililogusa nyumba nyingi, nalo ni semina za kazi za mikono. Kila upande wapo wanaofundisha batiki, sabuni, mishumaa, ufumaji na mapambo. Matangazo hubandikwa kwenye ubao wa kanisa, husomwa kwenye vikundi vya akina mama, na siku hizi hufika hata kwenye simu. Mama hulipa ada, hufunga kibwebwe, hushinda huko siku moja au mbili, kisha hurudi na kitambaa kizuri begani. Watoto humshangilia na baba hutabasamu.

Ni jambo jema. Lakini tuulizane: wiki inayofuata, mama huyo akiwa peke yake uani, anaweza kutengeneza kitambaa cha pili?

Mama mmoja mwenye watoto wanne alitusimulia yaliyompata. Alilipa shilingi 50,000, fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya sare za shule, akajifunze batiki kwa siku moja. Walikuwa wanafunzi thelathini na mabeseni matatu. Rangi ilikuwa imekwisha kuchanganywa kabla hawajafika. Kila mmoja alifunga kitambaa chake kwa uzi, akakikabidhi kwa wasaidizi wa mwalimu, wao wakakichovya. Jioni kila mtu alipewa chake, kimetoka kizuri mno.

Aliporudi nyumbani alinunua pamba nyeupe, akaenda sokoni kutafuta rangi. Muuzaji akampa rangi ya ukili, ile inayotumika kwa mikeka. Naye hakujua tofauti, maana kwenye semina hakuona pakiti wala kusikia jina. Kitambaa kilikauka kikiwa chekundu cha kuvutia. Siku ya kukifua, rangi yote ilitoka na kuharibu mashati ya watoto yaliyokuwa kwenye beseni hilo. Mume wake hakusema neno, lakini kimya chake kilimwuma kuliko maneno.

Mama huyu hakuibiwa, kwa kuwa kitambaa alipewa. Ila hakufundishwa. Alifanyiwa.

Mwalimu mzuri hutambulikaje?

Katika Kutoka 35 tunasoma habari za Bezaleli, fundi aliyejazwa ustadi wa kila namna ya kazi. Mstari wa 34 unaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka: Mungu alimpa pia moyo wa kufundisha wengine. Kumbe kujua kazi ni kipawa kimoja, na kuifundisha ni kipawa kingine. Wapo mafundi hodari wasiojua kufundisha, na wapo wanaoficha siri ya kazi wasije wakapata washindani.

Mwalimu mzuri wa batiki hukueleza kwa nini jambo linafanyika. Atakuambia kwamba rangi aina ya vat haiyeyuki katika maji matupu. Huhitaji kostiki soda, pamoja na dawa ambayo wengi huiita haidro, ndipo iyeyuke na kuingia ndani ya uzi wa pamba. Kitambaa kikitolewa na kupigwa na hewa, rangi hurudia hali yake ya kwanza na kujifungia humo humo ndani. Ndiyo maana baadhi ya rangi za buluu hutoka kwenye beseni zikiwa na ukijani, kisha hugeuka mbele ya macho yako. Ukilielewa hilo, hutashtuka na kukirudisha kitambaa kwenye beseni.

Atakuambia pia kwamba kitambaa cha kufunga kwa uzi kinaweza kuchovywa katika maji ya moto, lakini cha nta lazima rangi iwe imepoa, la sivyo nta itayeyuka na michoro yote kupotea. Atakuonyesha jinsi ya kupima kitambaa dukani: chomoa uzi mmoja, uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu, nayo haishiki rangi hizi.

Uliza kabla ya kulipa

Kuuliza si ujinga. Kabla hujatoa fedha, ulizia haya:

1. Je, kila mwanafunzi atafanya kazi yote kwa mikono yake, tangu kuchanganya hadi kusuuza, au tutatazama tu?
2. Tutakuwa wangapi kwa mwalimu mmoja?
3. Je, ada inahusu vifaa vyote, au kuna fedha nyingine tutakayodaiwa tukifika?
4. Je, tutapewa vipimo kwa maandishi, pamoja na majina ya dawa na mahali zinakopatikana?
5. Je, nikikwama nyumbani naruhusiwa kurudi kuuliza?

Omba pia kuongea na mama aliyesoma hapo miezi mitatu iliyopita. Usimwombe akuonyeshe kitambaa alichotoka nacho kwenye semina. Mwombe akuonyeshe alichotengeneza baadaye. Kwa wale walio Tanzania, SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani. Pitia huko uulizie mafunzo yaliyopo, ulinganishe.

Usalama wa nyumba yako

Hapa tusifanye mchezo. Kostiki soda huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Soda ndiyo hutiwa kwenye maji baridi, kidogo kidogo. Usimwagie maji juu ya soda, kwa maana huchemka na kuruka. Tumia ndoo ya plastiki ngumu, kamwe usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu soda huila. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi mahali penye hewa. Ikikurukia, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali. Usiihifadhi katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, watoto wasije wakadhani ni kinywaji. Nta nayo ikishika moto usimwagie maji. Zima jiko na ufunike sufuria kwa mfuniko.

Mwalimu asiyetaja mambo haya siku ya kwanza, mwogope, hata kama kazi yake inapendeza.

Kaa chini uhesabu

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Nasi tuketi. Tuseme pamba mita nne ni shilingi 12,000, rangi na dawa 3,500, mkaa na sabuni 1,000, nauli 1,500. Jumla ni 18,000. Ukiuza kwa 25,000 unabaki na 7,000. Kama ada ilikuwa 50,000, itakubidi uuze vitambaa vinane ndipo irudi, na hapo bado hujalipa jasho lako. Je, wanunuzi wanane unao? Kumbuka kwamba wenzako ishirini na tisa uliosoma nao nao wanamtafuta mteja yule yule. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hesabu hii ifanye pamoja na mume wako kabla ya kulipa. Fedha iliyotoka kwa siri, hata ikizaa faida, huleta maneno ndani ya nyumba. Na iliyotoka kwa mapatano, hata ikipata hasara, hubebwa na wawili.

Tusisahau pia kwamba si kila anayekwenda semina anatafuta biashara. Mama mmoja mjane alituambia kwamba hajauza hata kitambaa kimoja, wala hana mpango huo. Alikwenda kwa sababu watoto wameondoka na nyumba imekuwa kimya. Sasa kila Jumamosi hukutana na wenzake watatu wakafuma na kuomba pamoja. Huyo amepata alichokifuata. Wewe nawe jua unafuata nini.

Nasi wanafunzi tujitazame

Wapo wanaofika saa nne wakati somo limeanza saa mbili, wakapitwa na vipimo, kisha wakamlaumu mwalimu. Wapo wasiochukua daftari. Wapo wanaorudi nyumbani na kukaa miezi miwili bila kujaribu, mpaka yote yamesahaulika. Ukirudi, fanya jaribio ndani ya wiki hiyo hiyo, kwa kipande kidogo.

Na ukiona hukutendewa haki, usianze kutangaza kisimani. Neno linatufundisha kumwendea kwanza ndugu aliyekukosea, ninyi wawili peke yenu (Mathayo 18:15). Yule mama wa mashati ya watoto alifanya hivyo. Alirudi kwa mwalimu wake na kumweleza kwa upole. Baada ya hapo wenzake wawili walimfuata na shida ile ile. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akawapa siku ya pili kwa gharama ya vifaa tu, mabeseni matatu, kila mtu na lake. Safari hii walichanganya wenyewe na kuandika kila kipimo. Kitambaa alichotengeneza siku hiyo hakikutoka vizuri sana, kina madoa pembeni. Lakini kimefuliwa mara nyingi na rangi haijatoka, na mashati mapya ya watoto yamenunuliwa kwa fedha ya vitambaa vilivyofuata.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu. Tuonane mwezi ujao.