Kibali Tunacho, Fungu Hatuna

Katika Unguja ya leo, msanii mwenye kitu kipya cha kuonyesha ana njia mbili za kupita, na zote mbili humfikisha pahala ambapo hakukusudia kwenda. Ya kwanza ni ya ofisi, ambako ataambiwa alipe. Ya pili ni ya wafadhili, ambako ataambiwa awe mtu mwengine. Iko njia ya tatu, ile ya raia kuingia katika ofisi ya umma akaomba fungu la fedha ya umma kwa ajili ya kazi ambayo haijawahi kuonekana, akajibiwa kwa maandishi, ndiyo au siyo, na sababu yake. Njia hiyo mimi sijaiona. Nimeitafuta. Nakaa Amani, si mvivu wa kutembea, na nimepanda ngazi nyingi Mjini na Ng'ambo. Katika ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja kwa kuwa aliyenipokea alinipokea kwa heshima, niliambiwa: "Mwanangu, sisi hapa kibali tunacho. Fungu hatuna."

Jibu hilo nataka kulipinga, si kwa sababu ni la uongo, bali kwa sababu ni la kweli na tumekwisha kulizoea.

Nieleze kwanza nilichokuwa nikikiombea, msomaji asije akadhani nilikwenda kuomba mchango wa harusi. Ulikuwa mchezo wa kuigiza usiokuwa na jukwaa. Nyumba tatu za mtaa mmoja, na kila moja ina redio dirishani. Sauti zote za mchezo zinatoka redioni; waigizaji wako uani na barazani, hawasemi neno, wanapika, wanafua, wanagombana kwa macho. Mtazamaji anatembea baina ya nyumba na nyumba, na akikawia kwenye moja anapitwa na yanayotokea kwenye nyengine. Sisi watu wa visiwa hivi tumelelewa na redio. Michezo yake tuliisikiliza tukiwa tumekaa mkekani, na sura za watu tukizitia wenyewe. Nilitaka kujua itakuwaje sauti ikitengana na mwili mbele ya macho ya majirani. Jibu sikulijua, na ndiyo maana nikataka kuufanya. Hesabu yake yote, pamoja na posho za waigizaji, vyombo vya sauti na umeme, ilifika shilingi milioni sita na laki mbili.

Baada ya kukosa fungu, nikabisha hodi kwa mfadhili mmoja wa nje. Fomu yake ilikuwa ya Kiingereza, kurasa 14. Iliuliza walengwa ni wangapi, wake kwa waume, na umri wao. Iliuliza ni tabia gani ya walengwa itakayobadilika, itapimwa kwa kitu gani, na nani atakwenda kuipima baada ya miezi sita. Ilikuwapo jaduweli ya kuandika matokeo yanayotarajiwa, na pembeni yake nafasi ya kutaja hatari zinazoweza kuyazuia. Pahala pa kuueleza mchezo wenyewe palitosha maneno mia mbili. Kijana mmoja muungwana wa hapo, kwa kunionea huruma, alinishauri nitie udhalilishaji wa wanawake na watoto katika nyumba moja, na ikiwezekana malaria katika nyengine. Hapo, akasema, mradi utakuwa na miguu.

Udhalilishaji ni msiba wa kweli katika nchi hii, na malaria imetuulia watu wengi. Lakini mchezo ukishaandikwa ili mtazamaji atoke akiwa amebadilika tabia kwa asilimia kadhaa, huo si mchezo tena, ni hotuba ya bwana afya iliyovishwa kanga. Bwana afya ana pahala pake na fungu lake, wala sina nia ya kumnyang'anya. Malaria sikuitia. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, mistari miwili.

Na lugha? Hata ule Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni ulio chini ya UNESCO, ambao lengo lake ni kuzisaidia nchi zisizo tajiri zisimame na tamaduni zao wenyewe, maombi yake huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. UNESCO hiyo hiyo ndiyo iliyotangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki makao yake yako hapa hapa Unguja. Basi lugha yetu ina siku yake, ina kamisheni yake, ina keki yake na hotuba zake, lakini ukitaka kuombea fedha kazi itakayofanywa kwa Kiswahili, mbele ya Waswahili, katika mtaa wa Waswahili, huna budi kwanza uihamishe kazi hiyo katika lugha ambayo hakuna hata mmoja wao atakayeisikia usiku wa mchezo. Mwenye kuambulia kitu si hodari wa sanaa, ni hodari wa fomu. Wako watu Makunduchi na Nungwi wenye mambo kichwani ambayo hayajawahi kuonekana popote, na watakufa nayo kwa sababu ya sarufi ya Kiingereza.

Siwatukani wafadhili. Ni wageni, na mgeni ana kwao. Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, likawa kila Februari linaijaza Ngome Kongwe, na mwaka 2016 halikufanyika kabisa kwa kuwa fedha za kuliendesha hazikupatikana, likarudi 2017. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002 na kufundisha kanuni, udi na fidla kwa watoto wa kila mtaa, karibu na mwaka 2020 nacho kilikuwa kikitangaza hadharani kwamba huenda kikafunga mlango kwa ukata. Ikiwa tamasha kubwa namna ile na chuo chenye jina vinaweza kutikiswa na bajeti iliyopangwa Ulaya, msanii mmoja wa Amani mwenye redio tatu atasimama juu ya nini?

Hapa hujitokeza watu wakasema: Serikali zetu hazikuwahi kuijua sanaa, mnawaonea bure. Nakataa kabisa. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim mpaka Misri akajifunze kanuni, na kutoka hapo ikaanza safari ya taarabu yetu. Taarabu siku hizo haikuwa asili. Ilikuwa jambo jipya la kigeni lililogharimiwa na hazina ya dola. Baada ya Mapinduzi kikundi cha taarabu cha Utamaduni kililelewa chini ya wizara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilifunga televisheni ya rangi, wakati nchi nyingi za bara hili hazijaiota, na ndugu zetu wa Tanzania Bara waliisubiri televisheni yao mpaka miaka ya 1990. Hivyo si vitu vidogo.

Na mimi nina ushahidi wa karibu zaidi. Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1970, ndipo sisi watu wa mtaa huu tulipoijua halaiki. Ufundi huo nchi yetu iliuchukua kutoka Korea ya Kaskazini: mamia kwa maelfu ya wanafunzi, sare za rangi, mwili mmoja ukigeuka karafuu, ukigeuka jahazi, ukigeuka maandishi. Mazoezi ni ya wiki nyingi, vitambaa, usafiri, maji, chakula, walimu, ngoma. Sisemi ni mbaya. Nimeipenda tangu utoto, na hata leo nikiona safu zinafunguka mwili hunisisimka. Lakini tuite kitu kwa jina lake: hayo ni maonyesho mapya, ya majaribio, yasiyokuwa na asili Unguja wala Pemba, yaliyolipiwa na umma kwa ukamilifu, wala hakuna aliyedai yajilipie kwa tiketi. Kwa hiyo tusiambiane kwamba fedha ya umma haijui njia ya kuelekea kwenye sanaa mpya. Inaijua kwa miguu.

Ila tazama tena. Katika yote hayo hakuna aliyeomba. Mohamed Ibrahim hakuandika barua, alichaguliwa. Halaiki haikutoka kwa mwalimu wa michezo wa skuli aliyepeleka wazo lake akajibiwa, iliagizwa. Fedha ya sanaa kwetu imekuwa kama mvua, inateremka kutoka juu pale juu panapotaka, na kazi ya msanii ni kuwa chini yake siku hiyo. Utawala umebadilika mara ngapi tangu Barghash, lakini jambo hili halikubadilika. Huo ndio ugomvi wangu. Siombi Serikali ianze kutoa. Nataka ianze kuombwa, na inapoombwa ijibu.

Chombo tulichonacho kiliundwa kwa sheria ya 2015, na jina lake ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Lisome jina hilo polepole. Sensa imekaa kati, na sanaa na utamaduni zimekaa huku na huku kama wapambe wa bibi harusi. Kusajili, kukagua na kutoa vibali ni kazi zake za kisheria, na mfanyakazi anayezifanya simlaumu. Ninachosema ni kwamba mkono unaoshika mkasi usipewe pia mfuko, maana atakayeomba atajikata mwenyewe kabla ya kufika.

Watu wa barazani wana majibu matatu, na nimeyasikia yote pamoja na kahawa. La kwanza: maji kwanza, hospitali kwanza. Sawa. Lakini Uwanja wa Amaan ulipojengwa upya na kufunguliwa Desemba 2023 sikumsikia mzee hata mmoja hapa mtaani akiuliza kama visima vimekwisha kuchimbwa. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Waingereza waliunda baraza lao la kugawa fedha za sanaa mwaka 1946, vita vimekwisha jana, na mwaka huo huo mkate wenyewe ulikuwa wa mgao. Wala hawakuwa na mawaziri wa kuchagua mchezo gani upewe. Waziri alitoa jumla, na baraza likagawa. (Wasanii wa huko nao hawaishi kuzilalamikia fomu zao, nisije nikasikika nawatafutia pepo.)

La pili: kitu kizuri hujiuza. Na hapo hutajwa Siti binti Saad. Mwanamke maskini wa Fumba, Serikali haikumpa hata pesa moja, na mwaka 1928 kampuni ya santuri ikampeleka Mumbai kurekodi. Kweli tupu. Lakini kampuni ilivuna mti uliokwisha kuzaa. Kabla ya hapo alikuwapo Ali Muhsin, mtu wa Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, aliyempa ujuzi wa bure; na nyuma ya Ikhwani Safaa ilikuwapo ile kanuni iliyokuja kwa gharama za dola. Soko hununua kilichoiva. Halina subira ya kukaa na mbegu. Leo soko letu kubwa ni mtalii, naye anataka ngoma aliyoiona kwenye picha kabla ya kupanda ndege. Akikuta redio tatu na watu wasiosema, atauliza maonyesho yanaanza saa ngapi.

La tatu ndilo linaloniudhi: wasanii watazila. Hili husemwa na watu waliowahi kuona miradi ya kila namna ikiliwa, ya barabara na ya mbolea, na hakuna aliyependekeza tusitengeneze barabara. Kwa hofu hiyo, anayekumbukwa hupewa mkopo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa huko Bara umekuwa ukikopesha wasanii kupitia benki, na mwenye studio au duka la mavazi unamfaa. Lakini utamaduni si jambo la Muungano, na hata ungekuwa, nitamwambia nini afisa wa benki akiniuliza mchezo wangu utarejesha kiasi gani kwa mwezi? Jaribio halina rehani.

Ninachokitaka ni kidogo. Fungu katika bajeti ya Zanzibar, hata likiwa la kazi kumi tu kwa mwaka. Fomu ya kurasa mbili, kwa Kiswahili, ipatikane kwa sheha wa kila shehia, Unguja na Pemba, na asiyejua kuandika aeleze kwa mdomo arekodiwe. Jopo liwe la watu wanaofanya sanaa, libadilishwe kila baada ya miaka miwili, na asikae humo mwenye kazi ya kutoa vibali. Swali la matokeo yanayotarajiwa lifutwe, na pahala pake liulizwe: ni kitu gani usichokijua katika kazi hii? Asiyekuwa na jibu la swali hilo aende akafanye biashara, na biashara njema. Aliyepewa aonyeshe risiti zake zote mpaka ya mshumaa, na aonyeshe kazi yake hadharani, na ikiwa imeharibika iwe imeharibika mbele ya watu, asidaiwe. Kisha majina ya waliopata na waliokosa, na kiasi, na sababu, na saini za wajumbe wa jopo, yabandikwe Rahaleo na kwenye ubao wa kila wilaya, ili mimi nitakapokosa nijue nimekoseshwa na nani.