Muziki Mgeni Hauna Mwenyeji Machakos

Kijana wa Nairobi atoapo albamu yake leo, pasi na kampuni kubwa nyuma yake wala picha yake kubandikwa katika mabango ya barabara ya Mombasa, aghalabu habari zake hufika Berlin na London kabla ya kufika Kyumvi, njia panda ya kuingilia Machakos ambayo matatu huifikia kwa mwendo mfupi tu kutoka mji aliorekodia. Jambo hili halinistaajabishi tena, ila laniudhi. Na maudhi yangu hayaelekei kwa wageni waliomsikia mapema, kwa maana wao masikio yao wameyatumia kwa kazi iliyoyapasa, bali yanaelekea kwetu sisi tulio na redio katika kila jiko na spika katika kila mlango wa duka, walakini hatuna hata mtu mmoja ambaye shughuli yake ni kutusikilizisha tusichokiomba.

Nitataja watu kwa majina, maana mazungumzo ya muziki usiotajwa mwenyewe ni porojo. Joseph Kamaru, mwimbaji mkubwa wa Kikikuyu aliyefariki Oktoba 2018, ni jina ambalo hapana Mkenya wa makamo asiyelijua. Ana mjukuu aliyerithi jina lake kamili, naye katika kazi zake hujiita KMRU. Mjukuu huyu hakushika gitaa la babu yake. Alishika kinasa sauti, akaanza kukusanya milio ya mahali, mvua na magari na nyaya na hewa ya chumba kitupu, kisha akaikunjua taratibu mpaka msikilizaji asitambue kelele ilikomea wapi na muziki ukaanzia wapi. Albamu yake iitwayo Peel ilitolewa mwaka 2020 na Editions Mego, lebo ya mjini Vienna; inazidi muda wa saa moja, na ndani yake hamna ngoma wala mwimbaji. Wasomi wa muziki wa Ulaya waliipokea kwa heshima kubwa. Fauka ya hayo, kijana huyo huyo ndiye aliyezikusanya rekodi za marehemu babu yake na kuzitoa upya katika Bandcamp, duka la mtandaoni ambamo msanii huuza kazi yake mwenyewe bila ya dalali. Kwa hiyo yule tuliyedhani ameutupa urithi ndiye aliyeufuta vumbi.

Mwaka huo huo wa 2020 walitokea Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, na albamu iliyobeba jina lao. Muziki wao ni wa ghadhabu: ukelele wa koo juu ya mashine zinazokwenda mbio kama zimekatikiwa breki. Waliurekodi Kampala mwaka 2019 chini ya Nyege Nyege Tapes, lebo ambayo jina lake wazee wa Pwani hawalitaji mbele ya wakwe zao, na ambayo tamasha lake la karibu na Jinja waziri wa maadili wa Uganda alijaribu kulipiga marufuku mwaka 2018 asifanikiwe. Baadaye Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, akatoa The Adept mwaka 2024 kwa lebo aliyoianzisha mwenyewe, akaitunukia bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyekuwa na cheo cha Field Marshal katika vita vya Mau Mau. Nauliza kwa insafu: katika nchi inayomwadhimisha mama yule kila ifikapo sikukuu ya mashujaa, ni wangapi wamepata hata fununu kwamba kuna albamu nzima iliyotungwa kwa kumbukumbu yake? Si lazima waipende. Lakini kutokuipenda nako ni haki ya mtu aliyeisikia.

Hapo kale, kabla ya simu hizi, msikilizaji wa kawaida alikuwa na watu wa kumfikishia jambo jipya. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti yake ilirudi Zanzibar na kuenea pwani nzima kwa mikono ya wafanyabiashara waliozipiga santuri hizo madukani ili mpita njia asimame. Ndivyo ilivyokuwa River Road Nairobi katika zama za benga: spika ilitazama barabarani, muuzaji akiweka sindano juu ya santuri ndogo ambayo wimbo wake umekatwa sehemu mbili, mwanzo upande huu na ule mchapuko wa magitaa upande wa pili, na mteja aliyekuja kununua kitu kingine akajikuta anauliza, "Hao ni akina nani?" Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, waliojiita kwa jina la mlima tunaouona kutoka huku kwetu, hawakuzaliwa wakiwa zilizopendwa. Walikuwa wageni siku moja, na vijana wa Ukambani walioyasikia magitaa yale kwa mara ya kwanza hawakuwa wameyaomba. Kakai alifariki mwaka 1987, na leo sauti yake hupigwa arusini kana kwamba ilikuwako tangu milima ya Iveti iumbwe.

Mwenyeji yule wa spika ndiye aliyetoweka. Mahali pake zimeketi hesabu za mashine, ambazo hutazama ulichokisikiliza jana ili zikupe kifananacho nacho leo. Ukisikiliza maima, ule muziki wa Kikamba, utapewa maima, ukisikiliza rumba utapewa rumba, na ukizidi kusikiliza, mduara wako unazidi kuwa mwembamba ilhali wewe unadhani umefunguliwa dunia. Sizilaani hesabu hizo, kwa kuwa zimewaletea watu nyimbo za ujana wao walizodhani zimepotea. Lakini hazina ujasiri wa kukukosea. Muuzaji wa santuri alikuwa nao, na mara nyingine alikupigia upuuzi mtupu, ukacheka, ukabaki.

Mtu aliye karibu zaidi na cheo hicho mjini Machakos ni kijana wa duka la kujaza nyimbo katika flashi. Niliingia katika duka moja la namna hiyo karibu na steji ya magari ya Nairobi, chumba ambacho watu wawili wakiingia wa tatu hungoja nje, na katika kioo cha kompyuta nikaona mafaili yamepangwa: Maima Mpya, Benga Mix, Rumba, Injili ya Kikamba, Rege, Zilizopendwa. Alipolifungua la kwanza, nusu ya nyimbo hazikuwa na jina la mwimbaji wala la wimbo. Ziliandikwa herufi AUD, kisha tarehe, kisha WA na tarakimu nyingine, kwa sababu zilifika kwa WhatsApp kutoka simu hadi simu, na jina la mwenyewe likadondoka njiani.

"Mzee, nikujazie zilizopendwa?" akaniuliza kwa adabu.

Nikamwambia nataka kitu ambacho hajapata kumuuzia mtu.

Akacheka. "Hicho hakiendi, mzee. Mtu wa matatu atanirudishia flashi hapa saa hii hii."

Nikamwomba aiunge simu yangu na spika yake, nikampigia Peel. Jambo la kwanza alilofanya ni kuinuka na kuukaza waya wa spika, akidhani umelegea. Akaketi, akasikiliza, akautikisa tena. Mama mmoja aliyekuwa akingoja simu yake ipate moto akasema, bila ya kumwuliza mtu, kwamba mlio ule ni kama posho mili ya kwao Mwala ukiisikia kutoka ng'ambo ya mto asubuhi. Nadhani hakuna mhakiki wa Ulaya aliyeisema albamu ile kwa usahihi zaidi. Aliuliza kama kuna mtu atakayekuja kuimba, nikamjibu hapana, akasema, "Basi," wala hakutoka nje, ingawa simu yake ilikuwa tayari.

Nazijua hoja za wanaopinga. Husema huu si muziki bali ni makelele, na kwamba vijana hawa wanawatungia Wazungu. Hoja ya pili ina ukweli ndani yake, maana mtu hutunga akimkabili anayemsikiliza, na maadamu sisi tumegeuza uso, nani awalaumu? Ama hoja ya kwanza, mimi naona inamvunjia heshima Mkamba mwenyewe. Watu waliokesha kwenye kilumi, ambako akina mama wazee hucheza na ngoma ndefu za mwase hurudia mapigo yale yale hadi usiku unapoteza mipaka yake na roho zinaitwa zije, hao ndio wa kuambiwa kwamba muziki wa kurudiarudia, usio na kibwagizo wala haraka ya kufika, ni kitu kigeni? Masikio hayo tunayo. Tumeyaazima kwa nyimbo za dakika tatu, na kuyarudisha si muhali.

Hata singeli ya Dar es Salaam, ambayo leo hupigwa katika majumba ya starehe ya Ulaya, ilikua katika vigodoro vya uswahilini huku majirani wakiilaani. Mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, wa studio ya Mburahati, ulipotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, wengi nje ya Tanzania ndipo walipousikia muziki huo kwa mara ya kwanza, na mimi nakiri kwamba katika kasi ile kuna nyimbo nilizozikimbia. Vivyo hivyo katika kazi hizi mpya zote: nyingi ni mbovu, baadhi ni majivuno ya mtu aliyenunua kompyuta juzi, na chache mno ni za kudumu. Santuri za River Road nazo zilikuwa hivyo, ila mbovu zimesahauliwa.

Ninachoomba si kikubwa. Vituo vya redio vya Kikamba, vikiwamo Musyi FM na Mbaitu FM, vina usiku mrefu. Naviomba saa moja tu kwa juma, baada ya saa nne za usiku, saa ya nyimbo ambazo hakuna aliyezitumia salamu wala kuziomba, na mtangazaji alazimike kumtaja aliyetunga, mahali alipotungia na mwaka, kisha anyamaze awaache watu wasikilize. KMRU awemo, na Slikback, mtunzi mwenzake wa Kenya, na Nyokabi Kariuki aliyezitia kumbukumbu zake za Kenya katika sauti mwaka 2022. Lakini awemo pia kijana wa Kangundo au Masii ambaye ana kompyuta ya mkononi, ana mlio fulani kichwani, na hajui ampelekee nani. Kijana wa duka la flashi naye afungue faili la saba katika kioo chake, na nyimbo zitakazoingia humo ziingie na majina yake kamili.

Malipo ni jambo la kuangaliwa, kwa kuwa kunakili bila ya ruhusa ni wizi hata ukifanywa kwa mapenzi. Msanii asiye na kampuni anaweza kumpa mwenye duka wimbo mmoja bure kwa hiari yake, anayeupenda akanunua albamu nzima. Na tangu 2022 M-Pesa ina kadi ya GlobalPay ambayo mtu wa Machakos huweza kulipia kwayo duka la ng'ambo bila ya kupanga foleni benki. Bandcamp nayo, tangu Machi 2020, ina Ijumaa zake maalumu ambazo huiacha sehemu yake ya mauzo kwa faida ya msanii.

Wakurugenzi wa redio watasema saa kama hiyo haitapata matangazo ya biashara. Ni kweli. Lakini nimevisikiliza vituo vyao saa tano za usiku, na hata sasa, pamoja na nyimbo zote zipendwazo wanazozirudia, tangazo ninalolisikia mara nyingi kuliko yote ni la kituo chenyewe kikijisifu.