KODI YA ARDHI NA NYUMBA YA KISIWANI



Siku hizi katika karakana mazungumzo mengi ni ya kununua nyumba Mombasa. Mwenye kukaribia kustaafu husema, "Nitakwenda kisiwani, nikae chumba kimoja, nipangishe viwili, nile samaki." Sina neno. Reli yenyewe ilianzia huko mwaka 1896, basi si ajabu mtu wa reli kumalizia huko. Lakini naona wote wanauliza bei ya nyumba, na kodi hakuna anayeiuliza.

Sisi wa Eastlands hatukulizoea jambo hili. Kaloleni, Jericho, Mbotela, mwenye nyumba ni kaunti, kama zamani ilivyokuwa Halmashauri ya Jiji. Unalipa kodi ya nyumba mwisho wa mwezi, yamekwisha. Waulizeni wenzetu walionunua Buruburu na Umoja, hao ndio wanaozijua barua za kudaiwa.

Kwanza iko kodi ya ardhi ya kaunti, ile watu huita reti. Katiba ya 2010 imewapa kaunti uwezo wa kuitoza. Kwa miaka mingi, Nairobi na Mombasa pia, kodi hii imehesabiwa kwa thamani ya kiwanja kitupu, nyumba haimo. Ukijenga banda au ghorofa tatu, kiwanja ni kile kile. Mimi naona ni haki, kwani tajiri mwenye ploti yenye majani tu, anayengoja bei ipande, naye hulipa kama wewe uliyejenga. Lisilo haki ni kutumia thamani za kale. Nairobi ilitumia orodha ya mwaka 1982 kwa zaidi ya miaka 35. Ploti iliyoandikwa shilingi 20,000 katika orodha ile, kwa kiwango cha asilimia 34, ilidaiwa 6,800 kwa mwaka. Asilimia 34 inatisha ukiisikia, kumbe thamani ndiyo iliyolala. Orodha mpya ilipokuja, asilimia ilishuka chini ya moja, lakini bei ikawa ya siku hizi. Basi usiulize asilimia peke yake, uliza ni asilimia ya nini.

Pili, kama ardhi ni ya kukodishwa na serikali kwa miaka fulani, iko kodi nyingine ya kila mwaka ya Serikali Kuu. Risiti ya kaunti haikuokoi huko.

Sasa nije kwa kisiwa, maana hapa ndipo watu wanapotea. Katika Majengo na mitaa mingine ya zamani ya Mombasa, nyumba nyingi zina mwenyewe na ardhi ina mwenyewe mwingine. Ni desturi ya siku nyingi. Tena sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mtu wa Pwani aje adai ardhi yake na kuandikishwa. Aliyedai alipata hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza. Hivyo mtu akakaa na nyumba ya baba yake juu ya kiwanja cha mwingine, akilipa kodi ya kiwanja kila mwezi.

Basi wewe unatoka Nairobi na malipo yako ya kustaafu, unaonyeshwa nyumba ya bei nafuu, unafurahi. Umenunua kuta na mabati. Reti si deni lako, ni la mwenye ardhi, lakini asipolipa miaka kumi, deni hilo hushika ardhi ile ile iliyobeba nyumba yako. Ardhi ikiuzwa, mwenye kununua hakukujua wewe, na nyumba ya mawe haipakiwi ndani ya behewa.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, taka kuona hati ya ardhi. Tazama jina ni la nani, kisha nenda mwenyewe kwenye ofisi za ardhi ulinganishe. Taka cheti cha kaunti cha kuonyesha hakuna deni. Mwenye kuuza akikasirika kwa kuulizwa, vaa kofia yako urudi stesheni.

Wako wanaosema tusilipe reti mpaka mifereji ya Eastlands izibuliwe. Uchungu wao naujua, maana mvua ikinyesha nami navua viatu. Lakini deni huzaa riba kila mwezi, na siku ya kurithisha watoto ndio watakaolikuta. Lipa, weka risiti, kisha nenda kwenye mkutano wa bajeti ya kaunti uulize fedha zimekwenda wapi. Wengi hulalamika kilabuni, na siku ya mkutano hawaonekani.

Naomba kamati ya tawi imwite wakili siku moja ya Jumamosi, kabla ya kundi la wanaostaafu mwaka huu kupokea malipo yao, na kila mwenye karatasi ya nyumba aje nayo isomwe.

Mfanya kazi wa karakana, Nairobi