Bumu la Kwanza Ni Mtihani wa Kwanza



Kila mwaka chuo kikuu kinapokaribia kufunguliwa, vijana wetu kutoka Migato na vijiji jirani hapa Simiyu hupanda basi kwenda Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam. Tunawaombea, tunawachangia na kuwaasa wasiache kusali. Hayo ni mema. Ila kuna somo tunalolisahau, nalo huwaangusha wengi kabla hawajaingia chumba cha mtihani: matumizi ya fedha.

Tuseme ukweli. Mkulima huuza pamba katikati ya mwaka. Chuo kinapofunguliwa, fedha hiyo imekwisha, na mvua zikianza anahitaji nyingine ya kulimia. Ndiyo maana nauli na ada ya kwanza mara nyingi hutoka zizini. Kisha kijana ambaye hajawahi kushika laki tatu zake mwenyewe anaingiziwa fedha ya Bodi ya Mikopo, ile wanafunzi wanayoiita bumu. Mwaka 2022 fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa anayepata yote, siku 60 ni shilingi 600,000. Akiziona kwa mkupuo hujiona tajiri: simu mpya, viatu, kuwalipia marafiki. Wiki ya nne anakopa. Ya sita anaingia darasani na njaa. Na mwenye njaa, hasa binti aliye mbali na kwao, ni rahisi kunaswa na "msaada" wenye masharti.

Kwa hiyo, kijana wetu, fedha ikiingia lipa kwanza chumba. Inayobaki igawe kwa wiki, uandike kila unachotumia. Nunua unga, mchele na maharage, upike kwa zamu na mwenzako. Lipia bima ya afya mapema. Malaria haisubiri bumu. Usisafiri mfuko mtupu kwa kutegemea mkopo, maana unaweza kuchelewa. Tena mkopo si zawadi: ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe.

Masomo nayo yana hesabu yake. Majaribio na kazi za muhula huingia katika alama za mwisho, hivyo anayengoja wiki ya mitihani ndipo afungue daftari amekwisha kupoteza nyingi. Sapu moja hurekebishika. Ukidisko, ng'ombe aliyeuzwa harudi.

Wala usiishi peke yako. Omba barua ya utambulisho kwa paroko, na wiki ile ile ya kwanza uitafute TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki. Usisubiri mpaka matatizo yakukute.

Nasi tunaobaki tuna wajibu. Jumuiya inapokusanya mchango, imwombe mtu aliyepita chuo, au frateri aliye likizo, aketi jioni moja na mwanafunzi pamoja na wazazi wake, wapange bajeti ya muhula kwa kalamu na daftari. Katika Injili ya Luka, Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akapiga hesabu ya gharama. Kijana akirudi nyumbani bila kumaliza, tusimcheke. Tujiulize kama tuliketi naye kupiga hesabu hiyo.